Gari Lililoombewa

Ukifika Base Camp, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ukauliza habari za Papa Gradi, utaambiwa kwanza habari za mlima wa Ngomo. Hutaambiwa ana watoto wangapi wala analima shamba la upande gani. Utaambiwa kwamba huyu unayemwona na kofia ya sufu juani aliendesha lori kule Kongo, kutoka Uvira mpaka Bukavu wakati ambao barabara ya Ngomo ilikuwa imebaki upana wa kitanda, na hakuangusha hata gunia. Hayo yote amewaambia watu mwenyewe, tena bila kuulizwa. Jina lake ni Léopold, lakini hilo limebaki kwenye karatasi za ukimbizi tu. Watu humwita Papa Gradi kwa ajili ya mtoto wake wa kwanza, au humwita Shofere. Akiitwa Shofere, shingo humrefuka.

Mdogo wake alipopata safari ya kwenda Kanada, alimwachia gari. Lilikuwa gari dogo la Kijapani, la rangi ya maziwa, zee kuliko wasichana wengi wa kwaya. Tena lilikuwa otomatiki. Papa Gradi hakuwa amewahi kuendesha otomatiki tangu azaliwe. Je, alisema? Thubutu! Aliingia ndani, akaitafuta klachi kwa mguu wa kushoto, hakuikuta, akakohoa kidogo kama mtu aliyekumbuka jambo fulani, akaondoka.

Kwa muda mambo yakawa mazuri. Akawa anawapeleka watu wa kanisani na majirani Mbarara: mgonjwa, mwenye mzigo, bibi arusi, yeyote aliyekuwa na safari. Halafu gari likaanza visirani. Likishashika mwendo, ukitaka kupunguza ili usimame, linatetemeka mwili mzima kama mwenye malaria, kisha paf, linazima. Sasa mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na lori anajua gari huzima hivyo lini. Huzima pale dereva mwanafunzi anapotaka kusimama akasahau kukanyaga klachi. Na gari la Papa Gradi lilizima hivyo mbele ya soko, mchana kweupe, mbele ya vijana wa bodaboda ambao hawana kazi nyingine wakikosa abiria isipokuwa kucheka watu.

"Shofere! Kanyaga klachi, Shofere!"

"Hii gari haina klachi, nyie wajinga!" akajibu kwa hasira.

"Aka! Sasa ku Ngomo nani alikuwa anakukanyagia?"

Wakavunjika mbavu. Papa Gradi aliwasha tena, akaondoka, na masikio yalikuwa yanamwaka moto. Tangu siku hiyo akawa anazunguka njia ya nyuma ili asipite sokoni. Mke wake, Pascaline, alimuuliza kwa nini siku hizi anarudi na vumbi jingi hivyo. Akasema barabara imeharibika.

Kanisani kwao kuna mama mmoja anaitwa Jocelyne, kiongozi wa bamama ba maombi. Ni mwanamke wa sauti kubwa na moyo mwema, na ukiwa na jino linalouma atafunga asile kwa ajili ya jino lako. Alipopanda gari lile likamzimikia, alisema hilo si jambo la kuchekwa, ni jambo la kuombewa. Jumapili baada ya ibada wakalizunguka. Wakaweka mikono juu ya boneti, wakalipaka mafuta, wakaimba, wakalikemea lile tetemeko litoke na lisirudi. Papa Gradi alisimama pembeni amevua kofia. Aliitikia kwa kichwa, tena kwa imani, maana kwa kweli alikuwa amefika mwisho wa akili zake.

Katikati ya juma akampeleka mtu Mbarara. Alipomshusha, akavuka daraja la Rwizi kwenda Nyamitanga, kwa fundi mmoja anayeitwa Rutayisire. Alimchagua yule kwa sababu fundi huyo hakumjua mtu yeyote wa Nakivale. Rutayisire aliendesha gari mzunguko mmoja, likatetemeka, likazima, akacheka na kuinama chini ya boneti huku anatafuna muwa.

"Mzee, hii gari iko na klachi," akasema. "Iko ndani ya giaboksi, wewe hauoni. Gari ikikimbia, hiyo klachi inajifunga yenyewe. Ikitaka kusimama, inajifungua. Hii yako inafunga, inakataa kufungua. Ndio maana inazima."

Akachomoa waya mmoja mdogo, akaufunga kwa utepe mweusi, akaubana pembeni. "Sasa haitafunga tena. Itasimama vizuri. Lakini sikia, ssebo. Itakula mafuta, na giaboksi itakuwa inapata moto sana. Kwa mlima usibebe watu wengi. Panda kidogo, simama, acha ipoe. Ukikataa, oili ya giaboksi itachemka, gari itakataa kupanda."

Hebu fikiria furaha ya Papa Gradi. Kumbe mguu wake haukuwa na kosa! Kumbe klachi ipo! Njia nzima ya kurudi alikuwa anawajibu vijana wa bodaboda kwa sauti, peke yake ndani ya gari. Lakini alipokaribia kambini akaona tatizo. Ili awajibu, lazima kwanza akiri kwamba Shofere wa Ngomo alikuwa anaendesha gari lenye klachi na hakujua kama lina klachi. Akaona bora anyamaze. Akapita sokoni, akasimama pale pale mbele yao, gari likatulia tuli bila kuzima. Mama Jocelyne alikuwa ananunua dagaa. Aliachia kikapu chini akapiga vigelegele mpaka watu wakatoka vibandani.

Jumapili akaitwa mbele atoe ushuhuda. Naomba umwelewe kidogo kabla hujamhukumu. Alisimama akiwa na nia ya kusema kwamba na fundi naye alisaidia. Ila kanisa zima lilikuwa limeshasimama, ngoma imeshaanza, na mwanawe Gradi alikuwa anamwangalia kwa fahari.

"Gari ilikuwa inatetemeka," akasema. "Mukaiombea. Sasa haitetemeke tena."

Kila neno lilikuwa la kweli, na yeye alijua amedanganya. Wakamshangilia hivi kwamba siku zilizofuata hakulala vizuri, lakini pia, tusimfiche, aliupenda ule utamu. Vijana wa bodaboda waliacha kumcheka. Wengine walianza kumsalimia kwa mikono miwili. Kanisa ndugu la Mbarara, lile la Nyamityobora, likamwita naye akatoe ushuhuda kule. Huko akatia chumvi. Alisema kwa kinywa chake, mbele ya madhabahu, kwamba hakuna mkono wa fundi uliogusa gari lile.

Na kupoza giaboksi je? Hapo ndipo akili ya mtu mwenye haya inapofanya kazi. Kutoka Nakivale kwenda Isingiro kuna mpando mrefu wa mlima. Kila akifika katikati, Papa Gradi anaegesha kando, anazima injini, anavua kofia: "Bandugu, tumushukuru Mungu kwa hapa alipotufikisha." Abiria wanashuka, wanaimba pambio, wanaomba, na chini ya gari giaboksi inapoa. Watu wakasema hakuna dereva mcha Mungu kama yule. Yeye akifumba macho alikuwa ananusa tu kama kuna harufu ya oili.

Sasa nikuambie habari za Orpa, msichana wa kwaya, maana yeye ndiye aliyelipa.

Orpa alikuwa na sauti ambayo akianzisha wimbo hata watoto wanaacha kuvutana. Alizaa kabla ya ndoa, na kijana mwenyewe akatokomea Kampala. Kanisa likamtenga. Akakaa benchi la nyuma na mtoto wake wa kike, bila kuimba, mpaka mtoto akaanza kutembea. Mama yake, Constance, anaishi Mbarara, mtaa wa Nyamityobora, anauza vitenge. Mama huyo alikasirika kuliko kanisa. Hakumtukana mwanawe wala kumlaani. Alisema tu kwamba siku atakapomwona Orpa amevaa tena joho la kwaya, siku hiyo atampokea mjukuu. Kabla ya hapo asimwone. Na hakumwona. Simu ya mwanawe hakupokea.

Hatimaye kanisa likamrudisha Orpa kundini. Kwaya ikaalikwa Nyamityobora, na Orpa ndiye angeanzisha. Ujumbe ukapelekwa kwa Constance, na Constance akajibu kwamba atakuwepo mlangoni mwa kanisa. Kambi nzima ilijua. Orpa alimshonea mtoto gauni, akamsuka nywele, akamfundisha kusema "Koko, shikamoo," maana kwao bibi huitwa koko. Mtoto alikuwa anawasalimia hivyo hata mbuzi.

Wengi wa kwaya walipanda lori, likatangulia. Mama Jocelyne na wakubwa wakajazana kwenye gari la Papa Gradi, na Orpa na mtoto, na spika mbili kubwa nyuma, na jenereta. Papa Gradi aliutazama ule mzigo. Ilikuwa aseme neno dogo tu, kwamba gari haliwezi. Lakini gari lililoponywa na Mungu halikatai spika mbili. Akafunga mlango.

Walipofika katikati ya mpando akaegesha kama kawaida yake. "Bandugu, tumushukuru Mungu..."

"Tutamushukuru tukifika, Papa Gradi!" akasema Mama Jocelyne. "Tumechelewa. Kanyaga, baba, kanyaga!"

Wote wakasema amina. Naye akakanyaga. Injini ikapiga kelele, mwendo ukawa haba. Ikaja harufu, ile anayoijua, kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Akajitia hamnazo. Mbele kidogo injini ikawa inanguruma lakini gari halisogei, na moshi ukapanda kutoka chini. Likasimama. Wakashuka wote wakikohoa.

Kisha Mama Jocelyne, ambaye hakuwa na ubaya wowote na mtu, akasema polepole kile ambacho kila mmoja alikuwa anafikiri. "Hii gari Mungu aliiponya. Mungu haponye nusu. Kama imekataa, kuna kitu ndani yake hakipendeze Mungu. Tujichunguze, bandugu. Nani iko na kitu?"

Hakuna aliyemtaja mtu. Hakukuwa na haja. Macho yalihama moja moja mpaka yote yakawa kwa Orpa. Orpa alikuwa amempakata mtoto, akaangalia chini.

"Nilitubu, mama," akasema.

"Tunajua, mutoto wangu. Lakini hujabakisha kitu? Hujaongea na ule kijana?"

"Alipiga simu. Mara moja. Niliuliza kama atasaidia mutoto."

"Yesu weye," mmoja akanong'ona.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa Papa Gradi kusema. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwao, kofia mkononi, na maneno yote alikuwa nayo: waya, klachi, oili, Rutayisire. Alifungua mdomo. Akawaona wale watu wote waliomsimamia kanisani, akawaona vijana wa bodaboda, akaliona jina lake lote linaanguka barabarani. Akafunga mdomo. Akajiambia atasema wakifika.

Orpa mwenyewe ndiye aliyesema, "Mimi nibaki. Muende, musichelewe juu yangu." Alifikiri labda ni kweli, maskini. Labda kweli ile simu ilikuwa dhambi. Akasogea kando ya barabara na mtoto wake. Wale wengine wakaomba, wakaomba sana, wakaomba mpaka boneti ikapoa. Papa Gradi akajaribu. Gari likapanda taratibu, bila moshi, bila kelele, hadi juu.

Ndani ya gari walilia kwa furaha na hofu. "Mumeona? Mumeona?" Mama Jocelyne alikuwa anapiga paja. Papa Gradi alimwona Orpa kwenye kioo, anaupunga mkono wa mtoto ili awaage. Alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na gari na Ngomo yake yote. Lakini mguu ulibaki kwenye mafuta.

Nyamityobora, Constance alikuwa mlangoni kama alivyosema. Alikuwa amevaa kitenge kipya, na mkononi ana mfuko wa biskuti. Aliwaangalia walivyoshuka, mmoja mmoja, akaangalia ndani ya gari, akaangalia kama kuna gari jingine nyuma. Mama Jocelyne akamshika mkono akamwelezea kando. Papa Gradi alijifanya anafunga mlango wa gari uliokuwa umeshafungwa. Constance hakulia. Aliweka biskuti kwenye ukingo wa dirisha, akaingia, akakaa nyuma kabisa, na ibada yote hakuinua kichwa. Papa Gradi hakusema walipofika, hakusema walipokula, na waliporudi barabara ile Orpa hakuwepo tena pale.

Baada ya hapo chakula kilimshinda. Alisikia kwamba Orpa alirudi kwa bodaboda, kwamba amefunga, hali wala hanywi mchana, anaitafuta dhambi iliyobaki. Alisikia amerudi benchi la nyuma kwa hiari yake. Watu walipomsalimia Shofere kwa mikono miwili, mikono yao ilimuunguza. Pascaline akamwambia, "Weye uko mugonjwa ama uko na deni ya mutu?" Akajibu hana deni. Lakini usiku ule alimweleza mkewe yote. Pascaline alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Na ulimuacha na mutoto ku njia?" Akageuka upande wa ukuta. Hilo lilimuumiza kuliko angetukanwa.

Asubuhi akaenda kwa Orpa. Alimkuta anapepeta maharage mbele ya nyumba. Alikataa kiti. Akasimama akasema yote, tangu soko mpaka mlimani, na hakujipunguzia hata kidogo. Orpa aliendelea kupepeta, kisha akaacha.

"Kumbe ni waya," akasema.

"Ni waya, mutoto wangu."

"Mi nimetafuta zambi mpaka nimeanza kuziota. Nimekumbuka ndizi niliiba nikiwa mutoto. Nimeitubu ile ndizi, Papa Gradi." Akaweka ungo chini. "Na weye ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nenda umuambie mama. Kanisa nitangoja Jumapili, utawaambia. Mama hangoji. Nenda leo. Akisema nije, urudi unichukue."

Akaondoka hapo hapo. Alipogeuza gari alimwona Orpa anaingia ndani mbio, akimwita mtoto aoge.

Constance alimpokea vizuri, kwa heshima ya mtumishi. Alimfutia kiti kwa kanga, akamletea soda. Papa Gradi akasema. Alisema kwa kusimama, akapiga magoti, akasema tena. Constance alimsikiliza, macho yakamjaa machozi.

"Baba," akasema, "asante. Unamupenda Orpa kama baba yake angempenda. Lakini usiseme uongo juu yake. Mi nilikuwa pale ulipotoa ushuhuda. Ulisema fundi hakugusa. Mbele ya mazabahu, baba. Mutu kama weye hawezi kudanganya pale."

"Nilidanganya, mama! Mi nilidanganya!"

"Hapana, baba."

Akaona maneno hayatoshi. Akamwomba apande gari aone kwa macho yake. Alifungua boneti mbele yake, akavua ule utepe mweusi, akaonyesha waya, akauchomeka mahali pake. Wakaelekea barabara kubwa, gari likashika mwendo. Karibu na daraja la Rwizi akapunguza. Gari likatetemeka toka mbele mpaka nyuma, likazima katikati ya njia, magari yakaanza kupiga honi. Papa Gradi alifurahi kama mtoto. Hakuwahi kudhani ipo siku atafurahi gari limzimikie mbele za watu.

"Umeona? Umeona, mama? Ni waya! Sasa nautoa, angalia, itapona!"

Constance alikuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili. Alikuwa na hofu ya kweli.

"Baba," akasema taratibu, "imerudi. Ile ugonjwa imerudi. Umekana kazi ya Mungu, na saa ile ile imerudi. Shuka, baba. Shuka upige magoti uombe musamaha kabla hujapatwa na mabaya."

"Mama Constance, sikia..."

"Usiangamize roho yako juu ya mutoto wangu. Yeye anajua alichofanya." Akafungua mlango mwenyewe, akarudi kwa miguu kuelekea Nyamityobora, akijifuta machozi kwa pindo la kitenge. Nyuma dereva wa lori alimtukana Papa Gradi kwa Kinyankole, akamwambia akajifunze kuendesha. Papa Gradi alishuka, akauchomoa waya, akageuza gari.

Alipofika kambini jua lilikuwa linashuka. Orpa alikuwa amekaa mlangoni, amevaa, begi dogo pembeni yake. Mtoto alikuwa amevaa gauni lile na soksi nyeupe na viatu vyeusi. Alipoliona gari akakimbia mbele, akasema, "Koko, shikamoo!"

Papa Gradi alishuka. Aliwaza uongo mmoja mzuri, kwamba mama hakuwepo, amesafiri. Ulikuwa tayari kabisa mdomoni. Akaumeza.

"Nilimuambia yote," akasema. "Hakuamini. Anasema nakuonea huruma, njo maana nadanganya."

"Ulimuonyesha waya?"

"Nilimuonyesha. Gari ikazima. Akasema ni azabu."

Orpa alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, na Papa Gradi angependa sana kama angekuwa nayo.

"Jumapili utasema tena," akasema.

"Nitasema. Kila Jumapili nitasema."

"Na wao watasema vile vile. Watasema Papa Gradi iko na moyo muzuri."

Orpa alimwita mtoto, akamweka magotini, akaanza kumfungua viatu. Mtoto alianza kulia, anauliza kama hawaendi tena kwa koko. Mama yake akamwambia hawaendi.